Si malaria, ni sonona

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga mjini. Tangu nilipowaeleza walimu wenzangu kwamba natibiwa sonona, ugonjwa wa akili ambao Waingereza huuita depression, hazipiti wiki nyingi kabla mtu hajanivuta pembeni. Mara ni mzazi aliyekuja kuulizia maendeleo ya mwanawe, maongezi yamekwisha lakini haondoki mlangoni. Mara ni jirani, mara ni kijana wa bodaboda anayenipeleka sokoni. Wote wanataka kujua jambo moja kabla ya mengine: nilianzaje kusema? Habari za dawa huja baadaye. Ndiyo maana naandika. Kuna mtu wa kuanza naye na mtu wa kumsubirisha, kuna maneno yanayofungua na yanayofunga, na haya nimejifunza nikiwa mgonjwa, wakati ambao kujifunza chochote ni kazi.

Kwanza usingizi ulikatika. Nilikuwa naamka saa nane au saa tisa usiku, sirudi tena kulala hadi adhana ya alfajiri. Mchana mwili mzito, kichwa kinagonga, chakula hakipiti. Pweza wa jioni pale Ngamiani, ambaye zamani sikosi kumfuata, nikawa nampita bila hata kugeuka. Shuleni madaftari ya darasa la sita yakarundikana mezani. Hesabu za sehemu nimezifundisha miaka mingi, lakini zikawa zinanishinda kusahihisha. Nasoma mstari, nikifika mwisho nimesahau mwanzo wake. Nikaacha kwenda kijiweni kwenye kahawa baada ya Isha. Simu ikiita, naiangalia mpaka inyamaze.

Sikuwa nimefiwa. Madeni yangu yalikuwa ya kawaida kwa mtumishi. Mke mwema, watoto wazima, ajira ya serikali. Na hili ndilo lililoniziba mdomo kuliko lolote. Mwenye msiba hupewa pole, mwenye homa huletewa uji. Mimi ningesema nini? Kila nilipotaka kufungua kinywa nilijiona nakufuru neema za Mungu. Baadaye nilielezwa hospitali kwamba sonona inaweza kuja baada ya tukio zito, na inaweza kuja bila tukio lolote la kuonekana. Kuna kurithi katika familia, kuna maradhi mengine ya muda mrefu, kuna yaliyompata mtu utotoni, kuna mambo ya mwili na ubongo wenyewe, na mara nyingi kadhaa kati ya hayo hukutana. Kama nawe unangoja upate sababu ya kutosha ndipo useme, usingoje.

Nilizunguka zahanati na maduka ya dawa. Nilikuwa nasema kichwa kinauma, mwili unachoka, sina hamu ya kula. Nikapimwa malaria, hamna kitu. Nikapimwa taifodi, nikapewa dawa. Tumbo likaanza kuwaka, nikaambiwa vidonda vya tumbo, dawa nyingine. Bima ilibeba baadhi, lakini kwenye vituo visivyopokea kadi na kwenye maduka ya dawa nilikuwa natoa mfukoni, na kwa mshahara wa mwalimu hizo zilikuwa pesa za unga na sare za watoto. Siwatupii lawama wahudumu wale. Waliniuliza naumwa nini, nikawapa kichwa na tumbo; kilio cha bafuni sikuwapa. Sonona kwetu hujitokeza mwilini kwanza, na asiyeambiwa zaidi atautibu mwili.

Kwa hiyo ukienda, sema bila kuzunguka: silali, au nalala kupita kiasi, vitu nilivyovipenda havinivutii tena, najiona sifai, akili haitulii kwenye kazi, na imekuwa hivi kwa zaidi ya wiki mbili. Hizo wiki mbili ni kipimo chao. Wahudumu wa afya ya akili wana dodoso la maswali tisa linalouliza juu ya wiki mbili zilizopita, kuanzia usingizi na hamu ya kula hadi mawazo ya kufa. Ukiweza, andika majibu yako kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani, maana ukishakaa mbele ya daktari aibu itakurudisha kwenye kichwa kinachouma.

Nyumbani nako kulikuwa na majibu yake. Shangazi yangu, aliyenilea na ambaye namheshimu sana, aliona ni husuda, au jini la ukoo linadai haki yake. Nikanyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshea maandishi ya aya za Kurani, nikasomewa. Sisemi vibaya juu ya kisomo. Kilinituliza, na mpaka leo sala ni nguzo yangu. Lakini lazima nimtaje yule maalimu mzee aliyenisomea. Alipomaliza alifunga msahafu, akaniuliza, "Mwanangu, usiku ukiwa peke yako unawaza nini?" Hakuna zahanati iliyokuwa imeniuliza hivyo. Sikumjibu. Akasema, "Kisomo tutaendelea nacho. Lakini Mtume ametuhimiza tutafute dawa. Nenda hospitali, na huko usiwafiche kitu." Sikwenda wiki ile wala iliyofuata, ila swali lake lilikaa nami. Masheikh, wachungaji na mapadri mtakaosoma haya, neno kama lile kutoka kwenu linafika mahali ambapo bango la wizara halifiki.

Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa mke wangu, na nilimwambia kwa ujumbe wa simu, yeye akiwa jikoni na mimi chumbani, ukuta mmoja katikati. Niliandika: "Nimechoka kuishi. Nawaza kufa. Nashindwa kukwambia usoni." Nikasikia sufuria inawekwa chini. Alikuja mikono ina unga, akakaa kitandani. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, au kwa maswali ya nimekukosea nini. Aliuliza moja tu, wazi kabisa: "Mwalimu, unataka kujiua?" Nikasema ndiyo, nawaza hivyo. Neno lile lilipotoka kifua kililegea kidogo, nikaweza kulia mbele ya mtu. Usiku ule hakuniacha peke yangu. Aliondoa nyumbani vitu alivyoona si salama viwe karibu nami, akampigia kaka yake aje alale kwetu, na asubuhi tukapanda bajaji wote wawili kwenda hospitali.

Watu huniuliza: kumuuliza mtu waziwazi kama anataka kujiua, si kumtia wazo? Hapana. Shirika la Afya Duniani limelisema hili mara nyingi: kuuliza hakumsukumi mtu kujidhuru, bali humpa nafasi ya kufikiria tena na kupumua. Na ujumbe wa simu unatosha. Usisubiri ujasiri wa kukaa na mtu uso kwa uso. Sauti iliyorekodiwa inatosha, kipande cha karatasi kinatosha. Kinachotakiwa ni mtu mmoja awe amejua kabla ya usiku huo kwisha, na awe karibu nawe.

Kuna hofu nyingine ambayo wanaume kadhaa wameniambia kwa kunong'ona, hofu ya polisi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Ni urithi wa Waingereza, ambao wenyewe waliifuta sheria hiyo kwao mwaka 1961. Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu chao cha 226, kinachofanana na hiki chetu, kinapingana na katiba. Natamani nasi tufike huko, maana sheria ya namna hii inamziba mdomo yuleyule anayehitaji kusema kuliko wote. Lakini lishike hili vizuri: sheria inazungumzia kujaribu. Kumweleza mkeo, daktari au muuguzi kwamba una mawazo ya kufa si kosa.

Hospitali, hatua ngumu zilikuwa zile za mwisho kabla ya mlango wenye kibao cha afya ya akili. Nilikuwa nawaza ni mzazi gani wa mwanafunzi atapita. Sisi watu wa Tanga tumekua tukisikia "huyu wa kupelekwa Lutindi", kwa sababu ya ile hospitali ya magonjwa ya akili ya milimani Korogwe iliyokuwapo tangu enzi za Wajerumani. Nchi nzima inasema "huyu wa Mirembe", kwa jina la hospitali ya Dodoma iliyoanzishwa mwaka 1927. Mahali ambapo watu wametibiwa wakapona pamegeuzwa tusi. Ofisini kwetu walimu tulikuwa tukilitumia tusi hilo kwa mtoto mtundu, watoto wanacheka, kengele inalia, tunaendelea na somo. Na ndani ya darasa hilo pengine kuna mtoto ambaye mama yake anatibiwa huko.

Ndani palikuwa na benchi na foleni kama kliniki yoyote. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama mtu mzima. Tulimwamkia, akatukalisha wote wawili, akauliza maswali yake tisa taratibu, akijaza karatasi. Kisha akasema, "Hii ni sonona, mwalimu. Tunaitibu hapa kila siku." Sijawahi kusikia maneno yaliyonipa nafuu kama yale. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba hali yangu ina jina, na kwamba kuna watu wanaitibu kila siku kama wanavyotibu presha. Aliniambia kwamba kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani watu zaidi ya milioni 280 wanaishi na ugonjwa huu. Nilimwangalia mke wangu, naye alikuwa ananiangalia.

Nilianzishiwa fluoxetine, kidonge kimoja asubuhi. Muuguzi alinieleza mambo ambayo kila mgonjwa angepaswa kuelezwa: nafuu huchukua wiki mbili hadi nne kuonekana, wakati mwingine zaidi, mwanzoni kunaweza kuwa na kichefuchefu na usingizi kuvurugika, wiki za mwanzo mtu asiachwe peke yake kama alikuwa na mawazo ya kufa, na ukishapata nafuu unaendelea na dawa kwa angalau miezi sita, halafu unapunguziwa na daktari, huziachi ghafla. Hayo ya tumbo nilikutana nayo. Na hili nalisema kwa ajili ya wanaume, kwa kuwa hakuna aliyeniambia mapema: hamu ya mambo ya ndoa inaweza kupungua. Nililitaja kliniki, kwa aibu nyingi, tukazungumza, daktari akaangalia upya. Najua mtu aliyezitupa dawa zake chooni kwa sababu hiyohiyo bila kumwambia yeyote, na ugonjwa ukamrudia kwa nguvu. Lingezungumzika.

Dawa zilikuwa nusu ya tiba. Nusu ya pili ilikuwa kuzungumza na yule muuguzi kila nilipokwenda. Niliulizia mwanasaikolojia binafsi mjini, lakini malipo ya kila kikao yalikuwa nje ya uwezo wangu, kwa hiyo nilibaki naye, na sikujuta. Ndiye aliyenisimulia habari za Zimbabwe. Kule Mbare, Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na akina bibi 14 wa mtaani, akawafundisha namna ya kumsikiliza mwenye mawazo mazito na kumsaidia achague tatizo moja la kulishughulikia. Wanakaa na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi hilo walikuwa na dalili chache kwa mbali kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nilipenda sana habari hii. Bibi wa kusikiliza kila mtaa wetu anao. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba anachofanya ni tiba, na mafunzo kidogo.

Sasa nije kwenye kuwaambia wengine, sehemu ambayo nilidhani ingekuwa rahisi baada ya mke wangu.

Kaka yangu mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Jikaze. Wewe mwanaume, una watu nyuma yako." Iliniuma kwa muda mrefu. Mpaka leo hajawahi kulitaja neno sonona. Tukizungumza ni timu yetu ya Coastal Union na mvua za shamba. Lakini kila nikikaribia siku ya kliniki, simu yangu inaingia pesa ya nauli bila maelezo. Nimeacha kumdai maneno. Wapo watu ambao msaada wao hauna maneno, na ukiwalazimisha kuyasema mnagombana bure.

Dada yangu alikuwa kinyume chake. Kwa upendo kabisa aliandika kwenye kundi la familia la WhatsApp: "Tumuombee kaka, amechanganyikiwa." Ikafika Muheza, ikafika Dar es Salaam, ikafika kwa binamu aliyeko Muscat, na jioni hiyo napigiwa simu na mtu anayetaka kujua kama nimefungwa kamba. Ndipo nilipojua kwamba habari hii ukiikalia, wengine watakuandikia maneno yake. Nilirekodi sauti fupi nikaiweka kundini: ninatibiwa ugonjwa unaoitwa sonona, nafanya kazi yangu, sijachanganyikiwa, mwenye swali aniulize mimi, na nitashukuru kwa dua. Simu za uvumi zikakoma. Siku zilizofuata zikaanza simu za aina nyingine. Binamu yule wa Muscat alinipigia usiku wa manane kuniambia kwamba tangu alipokwenda kazini kule hapati usingizi, anamaliza zamu, analia, anajilaza na nguo. Hakuwa na mtu wa kumwambia; wenzake wa chumba kimoja wote wanatuma picha wakicheka. Tulizungumza mpaka simu yake ikaisha chaji.

Unapomwambia mtu, mwambie na unachotaka kwake. "Naumwa, naomba unisindikize Jumanne." "Naumwa, sitaki ushauri leo, nataka tukae tu." "Naumwa, na hili libaki kati yetu." Asipoambiwa, atakupa alicho nacho, na wengi wana mahubiri.

Shuleni uvumi ulikuwa umeshanitangulia. Nilikuwa nimekonda, naomba ruhusa ya hospitali mara kwa mara, na wenye kuhesabu walishahesabu: huyu ana UKIMWI anaficha. Nilimwona kwanza mwalimu mkuu, nikamweleza faragha, nikaomba ruhusa zangu ziwe kwa utaratibu. Yeye ndiye aliyeuliza kama ningependa kuwaeleza wenzangu au la, akasisitiza kwamba si lazima. Nilichukua muda. Nilimuuliza mke wangu, kwa kuwa habari yangu ni habari yake pia, na watoto wetu wanasoma kata hiyohiyo. Tukakubaliana nitasema nini na nini kitabaki nyumbani. Mambo ya kutaka kufa tuliamua yasisimuliwe kwa undani, na hilo nawashauri wote: sema ulifika pabaya, usieleze ulipanga nini na vipi, maana hujui nani anakusikiliza akiwa katika hali hiyohiyo.

Katika kikao cha walimu nilisema maneno machache. Naumwa sonona, ni ugonjwa, nina dawa, nina kliniki, naendelea vizuri. Siambukizi. Nikiwa mkimya si kwamba nimekasirika. Na naomba tuache kuwatishia watoto Lutindi na Mirembe. Nilikaa. Hakuna aliyesema kitu kwa muda, kisha mwalimu wa taaluma akasema nitakapokuwa kliniki yeye atashika vipindi vyangu vya hesabu, na kikao kikaendelea na ajenda ya madawati.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonishangaza. Mwalimu mmoja wa kike, mchangamfu kuliko sisi sote, alinifuata chini ya mwarobaini wakati wa uji. Aliniambia kwamba baada ya kujifungua mtoto wake wa pili alikaa miezi hataki kumshika mtoto, akiamini yeye ni mama mbaya, na mama mkwe akisema ni uvivu. Ilipita yenyewe, au alidhani imepita. "Mwalimu, kumbe ina jina," alisema. Mlinzi wetu wa usiku, mzee mstaafu wa bandarini, akaniuliza zile dawa zinapatikana wapi, "kwa ajili ya mtu fulani." Sikumuuliza mtu huyo ni nani. Nilimpa siku za kliniki na jina la yule muuguzi.

Mwaka 2022 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha ripoti ya jopo kubwa lililojumuisha wataalamu na watu walioishi na maradhi ya akili, na mojawapo ya hitimisho lao ni kwamba kinachopunguza unyanyapaa kuliko njia nyingine ni watu kukutana na mwenzao aliyeyapitia. Nilipoelezwa hilo niliona ndicho nilichokiona chini ya ule mwarobaini. Semina za afya tumehudhuria nyingi, tumepewa vipeperushi, na tusi la Lutindi liliendelea. Lilikoma ofisini kwetu pale lilipokuwa linamgusa mtu anayekaa meza ya pili kutoka dirishani.

Sitaficha gharama zake. Mzazi mmoja aliomba mwanawe ahamishwe darasa langu. Alihamishwa, na mtoto huyo hunisalimia kwa mbali akiangalia kama kuna anayemwona. Kwenye VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nilikuwa mweka hazina; walinivua "upumzike kidogo", hesabu zangu zikiwa sawa hadi shilingi ya mwisho, na nafasi hiyo hawajanirudishia. Rafiki yangu mmoja wa kijiweni hakuonekana tena. Mimi nina ajira ya serikali na mwalimu mkuu mwenye utu. Anayefanya kazi kwa mtu binafsi, bila mkataba, anaweza kupoteza kibarua kwa kusema nilichosema mimi. Kwa hiyo simwambii kila mtu ajitangaze kikaoni. Ninachokisisitiza ni yule mtu mmoja wa kwanza, na mhudumu wa afya mmoja. Baada ya hapo pima mwenyewe, na pima siku ambayo una nguvu, si siku ambayo umelala chali unaangalia dari.

Kwa upande mwingine kuna muuza kahawa wetu. Kipindi ambacho sikuwa naweza kutoka, aliposikia kutoka kwa mke wangu, alianza kupitia barazani kwangu jioni na dele lake kabla hajaenda kijiweni. Ananimiminia kikombe, ananipa kashata, anakaa kidogo, ananiambia nani amemfunga nani kwenye bao, anaondoka. Hakuniuliza nina nini. Nilipoanza kurudi kijiweni nilirudi kwa ajili yake. Kama una ndugu aliyejifungia ndani, fanya kitu cha aina hiyo: kidogo, kila mara, bila kudai akushukuru au akuelezee. Msindikize kliniki. Mkumbushe dawa bila kumsimamia. Muulize wazi kama anawaza kufa, na akisema ndiyo, usimwache peke yake na usiahidi kwamba utaifanya siri.

Nililochelewa kuliona ni la mke wangu. Wakati mimi nazidi kupata watu wa kunisikiliza, yeye alikuwa anazidi kunyamaza. Alikuwa amebeba ule ujumbe wa simu peke yake, hataki kuwaambia mama yake wala dada zake kwa kunistahi, halali akisikiliza kama bado napumua. Muuguzi ndiye aliyemuuliza siku moja, "Na wewe mama, nani anakusikiliza?" Akaangua kilio pale pale. Tangu hapo ana zamu yake ya kuzungumza na muuguzi, mimi nikisubiri nje kwenye benchi, na ana dada yake mmoja ambaye nimemruhusu kwa kinywa changu amweleze yote. Kama wewe ndiye unayemuuguza mtu mwenye sonona, mwombe mkubaliane mapema nani wa kwako wa kumwambia na yapi ya kusema, halafu mwambie mtu huyo wiki hii. Ukienda kliniki na mgonjwa wako, mhudumu akishamaliza naye, mwambie una dakika zako tano unazihitaji.